Siku Tuliyowasomea Watu wa Katumpi Ripoti Yao

Ninyi mnaoanza kazi ya mashirika mwaka huu, na fulana zenu mpya zenye nembo kifuani, kaeni kidogo niwaambie jambo moja kabla hamjapanda pikipiki kwenda Kabambare. Maji hayapendi kupandishwa. Ukiyalazimisha yapande, yatakuacha umesimama na ukuta mkavu, na picha nzuri ndani ya simu.

Najua, kwa sababu hiyo picha niliipiga mimi.

Naitwa Mama Zaina. Ni mtoto wa Kasongo mjini. Mama yangu aliuza vitenge sokoni, baba alikuwa mshonaji. Nilifanya kazi miaka ishirini na minane katika shirika dogo la kutengeneza chemchemi. Na nikisema dogo, ni dogo kweli: vyumba viwili chini ya mabati, meza tatu, pikipiki mbili ambazo moja ilikuwa mgonjwa kila mara. Tulikwenda vijijini, tukatafuta jicho la maji, yaani pale maji yanapotokea ardhini, tukalijengea. Unachimba nyuma ya jicho mpaka ufikie udongo mgumu. Unapanga mawe, unamwaga kokoto, unafunika kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa vizuri. Mbele unasimamisha ukuta wenye bomba. Maji yanatoka safi, watoto hawaharishi tena. Ukiieleza inaonekana kazi nyepesi.

Mimi sikuwa fundi. Kazi yangu ilikuwa kusema na watu, kisha kuandika. Siku yangu ya kwanza kijijini niliwauliza akina mama kwa saa mbili, "Muna shida gani? Na nyingine? Na nyingine?" Nikajaza daftari. Mwisho muzee mmoja akaniuliza kwa upole, "Na wewe, mama, shida yako ni nini? Tangu asubuhi unauliza ya wengine." Nikafunga daftari. Niliporudi nilimweleza mkubwa wetu, Muzee Kalume, akacheka mpaka akavua miwani.

Huyo Kalume ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kuanzisha shirika, mtu mwembamba, Mkatoliki wa Kabambare, aliyevaa tai hata juu ya pikipiki. Akiendesha, aliitupa begani ili isimpige usoni. Aliniambia, "Zaina, andika kitu ulichoona. Kama hukuona, andika kwamba hukuona." Nikaitika, kama ninyi mnavyoniitikia sasa.

Wakati ule tulipiga ripoti kwa mashine ya taipu, na karatasi ya kaboni katikati, nakala tatu. Barua ilisafiri na mfanyabiashara hadi Bukavu, miezi ikapita kabla ya jibu kufika. Ukitaka kudanganya, ulilazimika kuugonga huo uongo herufi kwa herufi, vidole vikiuma, na bila shaka ungechoka ukaacha. Baadaye ikaja kompyuta. Ikawa naichukua ripoti ya kijiji cha jana, nabadilisha jina, natuma. Wanangu, hapo ndipo ugonjwa ulipoingia.

Sasa nije Katumpi.

Katumpi ni kijiji upande wa Wamaza, mahali ambapo pikipiki hufika ikiwa imechoka kuliko aliyeipanda. Chemchemi yao ilikuwa chini ya kilima. Fedha za bomba na vyombo zilitoka kwa kikundi cha wastaafu wa nchi za mbali. Simenti yote ilitoka kwa Hadji Masudi, mfanyabiashara wa hapa Kasongo, mwenye duka karibu na soko. Na mawe yalitoka mtoni kwa vichwa vya watu wa Katumpi wenyewe. Kwenda mtoni ni mwendo wa saa nzima. Walibeba wiki tano, wake kwa waume, Waislamu na Wakristo, bila kulipwa hata chumvi.

Aliyewaongoza akina mama alikuwa Mama Anjelani, mjane, mkulima wa muhogo, mfupi, mwenye sauti ndogo iliyokulazimisha uiname ili umsikie. Fundi wetu Amisi alipoanza kupima mahali pa bomba, Mama Anjelani akamwambia, "Baba, usiweke kule juu. Weke hapa, fasi jicho iko. Hii maji haipendi kupanda."

Alisema kweli. Bomba halipaswi kuwa juu ya jicho la maji. Ukilipandisha, maji yanajaa nyuma ya ukuta, yanasukuma, yanatafuta njia nyingine chini ya ardhi. Fundi Amisi alilijua hilo. Muzee Kalume alilijua. Hata mimi nililijua. Lakini bidoni, yaani dumu la kutekea maji, lazima iingie chini ya bomba, na pale mbele kulikuwa na mwamba. Kuuchimba mwamba kungechukua wiki moja zaidi. Na wageni wa wafadhili walikuwa wanakuja baada ya siku tatu.

Tukapandisha bomba. Urefu wa mkono mmoja tu.

Siku ya kufungua kulikuwa na ngoma, na shefu wa kijiji alivaa koti. Ulikuwa msimu wa mvua, ardhi imeshiba, maji yakatoka kwa nguvu mpaka yakamrushia mgeni mmoja viatuni. Watu wakashangilia. Nikapiga picha: bomba, maji, mtoto anacheka. Tukapaka namba ya simu ukutani kwa rangi nyekundu, ya kupigia mtu akiwa na malalamiko. Namba ilikuwa yangu. Tukarudi Kasongo. Picha moja nikampelekea Hadji Masudi, akaibandika dukani nyuma ya mizani, akaionyesha kila mteja.

Miezi minne baadaye, wakati wa kiangazi, Mama Anjelani akaingia ofisini kwetu. Viatu vya plastiki, kikapu, kitenge kimefungwa kiunoni, vumbi hadi magotini.

"Yambo, Mama Zaina."

"Yambo sana, mama! Umekuja na nani?"

"Na miguu yangu."

Alikuwa njiani siku nne. Nikamkalisha, nikampa maji. Akaitazama ile glasi kabla ya kunywa.

"Kwenu maji iko," akasema.

"Na kwenu?"

"Kwetu haiko. Bomba imekauka. Maji ilihama, inatokea kule chini mu matope, fasi mbuzi zinakunywa. Njo ile maji tunakunywa na sisi. Watoto wanaharisha. Mutoto wa mudogo yangu alitaka kufa."

"Mbona hamkupiga simu? Tuliacha namba ukutani."

"Tulipiga mara mingi. Haiiti."

Ile simu iliibiwa sokoni mwezi mmoja baada ya sherehe. Nilinunua laini nyingine, nikaendelea na maisha yangu. Miezi yote hiyo watu wa Katumpi walikuwa wanapanda kilimani kutafuta mtandao, wanapigia simu iliyokufa.

Nilidhani atanitukana. Nilitaka anitukane. Lakini akasema kwa ile sauti ndogo, "Mi sikuja kugombana. Watu wameanza kusema muko waongo. Nikasema hapana, hawajui. Mutu huwezi kumuhukumu kwa kitu hajui. Njo maana nimekuja, mujue." Akanitazama. "Sasa munajua."

Nimefanya semina nyingi, nimepewa vyeti, viko ndani ya sanduku. Hakuna semina iliyowahi kunishika moyo kama maneno hayo mawili. Mwanamke ametembea siku nne juu ya njia ile, si kwa ajili ya kuja kutudai, bali kutuondoa katika kutojua.

Kisha akaomba kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kukiomba katika miaka yangu yote. "Ile siku ya ngoma uliandika mu daftari. Uliandika nini juu yetu? Nisomee."

Ripoti ilikuwa kwa Kifaransa. Nikaifungua, nikaanza kumfasiria. "Chemchemi ya Katumpi inatoa maji safi mwaka mzima." Niliandika hayo wiki moja baada ya sherehe, mwaka wenyewe haujafika hata nusu. "Watu themanini wa kijiji walijitolea." Akauliza nani aliwahesabu. Nikaendelea. "Wanakijiji walishiriki katika maamuzi yote." Akatabasamu kidogo, na tabasamu lile lilinichoma. Nikasoma mstari uliofuata: "Hakuna ajali iliyotokea wakati wa kazi."

Akainua kichwa. "Na Sumaili?"

Sumaili alikuwa kijana mwenye familia, baba wa watoto watatu. Katika wiki ya nne jiwe liliteleza likampondea mguu. Walimpeleka kwa baiskeli hadi kituo cha afya. Vidole viwili vikakatwa. Mimi siku hiyo nilikuwa Kasongo. Fundi Amisi aliniambia, "Mmoja ameumia kidogo," nikasema pole, nikasahau. Ule mstari wa "hakuna ajali" haukuandikwa hata kwa ajili ya Katumpi. Ulitoka katika ripoti ya kijiji kingine. Nilibadilisha jina tu.

Sikumwona Muzee Kalume aliposimama mlangoni. Nilipogeuka alikuwa pale, amesikia yote. Akaifungua tai yake polepole, akaikunja, akaitia mfukoni. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona shingo tupu.

"Zaina," akasema, "wewe uliandika, mimi nikapiga muhuri. Tutaenda wawili."

Tulikwenda siku ya tatu, Mama Anjelani amepanda nyuma ya pikipiki yangu, amenikumbatia kiunoni, anaimba nyimbo za kanisa kila tukifika penye mashimo. Katumpi watu walikusanyika kwenye uwanja wa shule, wengi, maana walidhani tumeleta mradi mpya. Muzee Kalume akasimama bila tai.

"Leo hatukuleta kitu," akasema. "Tumeleta ile karatasi tuliyotuma kwa waliotoa msaada. Tutaisoma yote. Fasi iko uongo, museme."

Wachache waliondoka wakinung'unika. Waliobaki walikaa. Nikasoma sentensi moja kwa Kiswahili, mwalimu wa shule akaisema kwa Kibangubangu, kisha tukangoja. Muzee Kalume akaanza mwenyewe: "Mama Anjelani alituambia tusipandishe bomba. Tulimusikia, hatukumusikiliza. Tulikuwa tunaogopa wageni watakuta kazi haijaisha. Kosa ni letu." Shefu akakohoa, akasema na yeye alitaka ngoma ifanyike haraka, kwa sababu koti lilikuwa la kuazima. Watu wakacheka, na kicheko kile kikafungua vinywa.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo nilipostaajabu mpaka leo. Nilijiandaa kwa hasira. Nilifikiri watatupura kwa makosa yetu mpaka jua lizame. Kumbe ukweli ukishatoka kinywani mwa mkubwa, unawapa wengine njaa ya kusema wa kwao. Tulipofika kwenye "watu themanini walijitolea," mwanaume mmoja akasimama nyuma. "Mi jina yangu iko mu ile hesabu, lakini sikubeba hata jiwe moja. Nilikuwa nakuja saa ya chakula." Mama mmoja akasema zamu ya kulinda uzio wa chemchemi ilikuwa yake, aliacha mbuzi wakaingia. Mwingine akasema walizoea kufulia nguo juu ya chemchemi na hakuna aliyemkataza mwenzake. Hakuna aliyewalazimisha. Niliandika pembeni ya ripoti mpaka pembeni pakajaa, nikageuza karatasi nikaandika nyuma.

Halafu tukafika kwenye ajali. Nikasoma. Sumaili alikuwa amekaa juu ya gogo, mguu mbele. Hakusimama.

"Mu ile karatasi yenu," akauliza, "muguu yangu iko muzima?"

"Ndiyo, baba," nikasema. "Uko mzima."

"Wale watu wa mbali wanaamini iko muzima?"

"Wanaamini."

Akafikiri. Muzee Kalume akamwendea, akachuchumaa mbele yake mbele ya kijiji kizima, akamwomba msamaha. Sumaili akauliza karatasi husainiwa namna gani. Kalume akatoa muhuri na kile kisahani cha wino; mnajua sisi Wakongomani, hata ukienda shambani unabeba muhuri. Sumaili akavua kiatu. "Mi sijui kuandika," akasema, "lakini huu muguu unajua." Akaukanyaga wino, akaukanyaga ukurasa wa mwisho wa ripoti. Ikabaki alama ya buluu: kisigino, kiganja cha mguu, vidole vitatu.

Hakuna aliyecheka. Mimi niliishika ile karatasi kwa mikono miwili mpaka wino ukauke, kama mtu anayeshika mtoto mchanga.

Tulituma nakala yake kwa wale wastaafu wa mbali, pamoja na barua. Mnataka niseme walitusifu? Walitushukuru kwa adabu. Wakasema sheria zao hazikubali kulipia chemchemi moja mara mbili. Mwaka uliofuata hawakutupa tena msaada. Sikuwalaumu. Walikuwa na haki ya kujua, na walikuwa na haki ya kuondoka. Msiseme ukweli mkitegemea zawadi.

Hadji Masudi alikuwa mgumu zaidi, maana yeye alikuwa karibu na uso wake niliuona. Muzee mnene, kofia nyeupe, hakuwa mtu wa kutoka nyuma ya mizani yake. Miaka mingi hakuwa amesafiri kupita Nyangwe, hapo jirani tu. Nilimweleza kwamba tutauvunja ukuta.

"Simenti yangu mutaivunja?"

"Tutaivunja, Hadji. Tulijenga vibaya."

"Na mulikuja hapa na foto! Nikaibandika pale! Nikawaambia watu, mutazame sadaka yangu!" Akaigeukia ile picha, akaibandua, akanipa. "Toka nayo. Munanifanya niseme uongo mbele ya Mungu na ya wateja."

Akawasimulia soko zima. Wiki kadhaa nilizunguka njia ya nyuma nikienda kununua mafuta.

Hivyo tulirudi Katumpi bila mfadhili. Tulikuwa na mifuko miwili ya simenti iliyobaki kwa shefu, ya Hadji yule yule. Fundi Amisi alikuja bila mshahara. Alisema hata akibaki nyumbani usingizi haumshiki. Siku ya kuvunja, watu waliobeba yale mawe ndio walioyabomoa, na kila nyundo ilipogonga niliona mabega ya akina mama yakishtuka. Kisha wakaushambulia ule mwamba tulioukimbia. Wakaupasua kwa moto na nyundo, ili mahali pa bidoni pashuke chini, na bomba lirudi mahali pake.

Lakini maji hayakuwepo. Tulichimba siku ya kwanza, ya pili, wiki nzima, kufuata jicho kurudi nyuma ndani ya kilima. Udongo mkavu. Wiki ya pili, udongo mkavu. Nilimwambia Muzee Kalume pengine tumeliua kabisa. Akashika jembe.

Na watu wakaendelea kuja. Hilo silielewi hadi leo, nalitazama tu kama mtu anavyotazama mlima. Tuliwadanganya, tuliwapotezea mawe yao, watoto wao waliugua, na kila asubuhi wanafika na majembe. Sumaili alikaa chini anaponda kokoto. Nikamuuliza, "Wewe mbona umekuja, baba? Wewe ulishalipa."

"Mawe ilikula vidole yangu," akasema bila kuinua kichwa. "Na mi naikula polepole."

Wiki ya tatu, jua likiwa limepanda kidogo, Mama Anjelani alikuwa ndani ya shimo na fundi Amisi. Alikuwa akigusa udongo kwa kiganja, sehemu moja, kisha nyingine, kama mama anayemgusa mtoto mwenye homa. Ghafla akainua mkono wake, kiganja kikiwa wazi. Kiganja kilikuwa kimelowa.

"Munyamaze," akasema.

Watu mia moja wakanyamaza. Akafuta udongo kwa vidole, taratibu. Ukutani mwa shimo pakawa na doa jeusi. Doa likang'aa. Tone likatokea, likasimama, likaanguka. Jingine likafuata, kisha hayakuwa matone tena, ulikuwa uzi mwembamba wa maji unaoshuka kwenye jiwe, na tuliusikia. Watu mia moja, na tunausikia uzi wa maji. Sikuwahi kusikia kitu kidogo namna ile kikijaza mahali pakubwa namna ile. Fundi Amisi alikuwa amepiga magoti. Mimi nilisahau kwamba nina simu. Picha ya saa ile haipo, na nashukuru.

Tulijenga chini, pale jicho lilipo. Na safari hii hatukufanya ngoma. Tulingoja kiangazi kingine chote kipite. Nendeni mkatazame wenyewe, bila kutoa taarifa. Nami ndivyo ninavyowausia: sherehe ifanyeni kiangazi, au msifanye. Ripoti isomwe kwanza mbele ya walioandikwa ndani yake, kwa lugha wanayolalia na kuamkia, ndipo iende kwa walio mbali. Na namba ya simu ukutani, jipigieni wenyewe kila mwezi muone kama inaita.

Kilibaki kitu kimoja. Kile kiangazi kilipoisha na maji bado yanatoka, nilijaza bidoni moja pale bombani, nikaifunga nyuma ya pikipiki, nikarudi nayo Kasongo. Sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja dukani kwa Hadji Masudi. Nikaomba kikombe, nikamimina, nikakiweka mbele yake juu ya meza.

"Ni nini hii?"

"Ni mifuko yako miwili ya mwisho, Hadji."

Akakitazama. Akanitazama. "Leo ni Alhamisi," akasema. "Nimefunga."

Nikataka kukiondoa. Akakifunika kwa mkono. "Wacha."

Nilikaa kwenye benchi la nje mchana wote ule. Wateja waliingia na kutoka. Alipima chumvi, alipima sukari, akakosea mara mbili, akarudishiwa. Kikombe hakikuondoka mbele yake. Muazini alipoadhini magharibi, akakishika kwa mkono wa kulia, akasoma dua yake kimoyomoyo, akanywa. Hakunywa kwa haraka. Akamaliza, akakiweka chini, akapangusa ndevu, akamwita mke wake aliyekuwa nyuma ya duka.

"Niletee viatu vile vya mvua," akamwambia mkewe.

"Unaenda wapi?"

"Kabambare. Kesho, baada ya swala ya Ijumaa. Huyu mama atanionyesha inatokea wapi."

Na alikwenda, muzee yule, amekaa nyuma ya pikipiki ameshika kofia yake kwa mkono mmoja. Kule Katumpi hakuhutubia. Alichuchumaa kando ya bomba, akauangalia ukuta, akaugusa, akasalimiana na kila mtu aliyekuja kuteka, mmoja mmoja, mpaka bidoni ya mwisho. Alirudi Kasongo siku ya sita. Viatu vyake vilikuwa vimejaa udongo mwekundu. Aliviweka mlangoni pa duka, kila mteja avione, na mkewe alipotaka kuvipangusa, akamkataza wiki nzima.